Kamba ya Kichwani

Ndugu yangu Innes alizipanga zile kadi juu ya meza ya jikoni kama mtu anayegawa karata, moja moja, akizisogeza kwa kidole zikae sawa. Zilikuwa nane. Kila moja ilikuwa na mchoro mdogo wa jeneza, namba za kamba nane za kulishushia kaburini zikiwa zimelizunguka, na chini yake namba ya kamba moja na jina la mtu atakayeishika. Nilikuwa nimesimama na birika la chai mkononi. Nikazisoma zote, nikarudia tena, kisha nikaliweka birika chini nisije nikammwagia kichwani.

"Mimi nashika ya ngapi?" nikamuuliza.

"Dada, usianze."

"Sijaanza kitu, nimeuliza swali. Baba yangu anazikwa kesho, kamba zipo nane. Yangu ni ipi?"

Hakuniangalia. Namba moja, kamba ya kichwani, ilikuwa yake mwenyewe. Namba mbili, ya miguuni, ilikuwa ya mwanawe Fraser. Zilizofuata zilikuwa za binamu zetu, mmoja wao hajasemezana na Baba tangu walipogombania injini ya mashua, na moja ya jirani. Ya sita ndiyo iliyonitoa macho. Ilikuwa ya Mwalimu Farquharson, mwenyekiti wa chama cha historia ya kijiji, mtu aliyetujia kutoka Edinburgh akiwa ameshastaafu na ambaye hana hata tone la damu yetu.

"Farquharson ana kamba," nikasema, "mimi sina."

"Ndiyo mila ya hapa. Wanawake hawashiki kamba. Unalijua hilo tangu umezaliwa."

"Na nani kazipanga hizi?"

Akainyoosha kadi iliyokuwa imenyooka tayari. "Mimi."

Asiyezaliwa Portlennan anaweza kusema kamba ni kamba tu. Hapa kwetu watu wamenuniana miaka na miaka kwa ajili ya kamba. Wapo ndugu wawili pale mtaa wa chini, nyumba zao zinatazamana, na hawasalimiani mpaka leo kwa sababu mmoja alitegemea kupewa namba tatu kwenye maziko ya mjomba wao akapewa namba saba. Nusu ya kijiji ni akina Slater, tumeoleana mpaka tumechanganyika, kwa hiyo siku ya kuzika ndipo inapojulikana nani ni wa nani. Kamba ya kichwani ni ya yule aliyekuwa karibu na marehemu kuliko watu wote duniani.

Sasa niambieni, nani alikuwa karibu na Dod Slater kuliko mimi? Baba alipopata kiharusi niliacha kazi yangu kwenye kiwanda cha samaki, nikarudi kulala kwenye chumba nilichokuwa nalala nikiwa mtoto wa kusukwa nywele. Nilimnyanyua kitandani asubuhi, nikamlaza jioni. Nilimpondea viazi na nyama ya kusaga, akavitema kwenye leso akisema havina chumvi. Nilimnyoa ndevu kila Jumapili ingawa kanisani hatukuwa tunakwenda tena, kwa sababu alisema mwanaume hawezi kukaa Jumapili na ndevu kama mbuzi. Innes alikuwa Aberdeen, kwenye kampuni za mafuta, na alikuwa akija Krismasi kwa siku mbili, na chupa ya wiski ambayo daktari alishaikataza. Siku hizo mbili Baba alikuwa anang'aa uso kwa furaha. Akiondoka Innes, mimi ndiye nilishinda nikifua mashuka.

Kwa hiyo nilimpa Innes vidonge vyake siku ile pale jikoni, wala sijuti. Nilimwambia kwamba hajui hata Baba alikuwa analalia ubavu gani. Nilimwambia kwamba kama kushika kamba ni suala la suruali, nitavaa suruali. Alikaa ameinamisha kichwa, akizikusanya kadi zake, na hakunijibu neno. Hilo nalo lilinikasirisha, kwa maana Innes ninayemjua mimi hajawahi kushindwa kujibu.

Alasiri ile Mwalimu Farquharson akaja na shada la maua. Alivua kofia mlangoni, akaketi kwenye kiti cha Baba bila kuambiwa, akaanza kutueleza habari za baba yetu wenyewe.

"Hazina kubwa imetutoka," akasema. "Alikuwa maktaba inayotembea."

"Alikuwa hatembei, Mwalimu," nikamwambia. "Ungekuwa umemnyanyua wewe ungejua."

Akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Huyu bwana alipokuwa anaandika kitabu chake cha historia ya kijiji alikuja kwetu na kinasa sauti, mchana baada ya mchana, akala skoni zangu, ile mikate midogo ya chai, na siagi, Baba akimsimulia kila anachokijua kuhusu Portlennan. Alimsimulia pia habari ya Elspet, bibi yake Baba. Niliisikia kwa masikio yangu nikiwa natoa vyombo, kama nilivyoisikia mara mia tangu utotoni.

Habari yenyewe ni hii. Ilikuwa vuli, na wanaume wote wenye nguvu walikuwa wamekwenda kusini, Yarmouth, kuvua heringi. Mashua moja tu ndiyo iliyobaki, ya mume wa Elspet na kaka zake, wakivua karibu na pwani. Dhoruba iliwakuta wakirudi, wakazama pale mdomoni mwa bandari, wake zao wakiwa wamesimama gatini wanawaona. Maiti zilitupwa kwenye changarawe. Wanaume waliobaki kijijini walikuwa vikongwe, wagonjwa na mchungaji. Mchungaji akasema wasubiri wanaume warudi. Elspet akasema hasubiri. Wanawake wakayabeba majeneza wenyewe mpaka juu kilimani, Elspet akashika kamba ya kichwani ya mumewe, mtoto mchanga akiwa mgongoni ndani ya shali. Mtoto huyo ndiye babu yangu. Mchungaji alikataa kuingia makaburini pamoja nao, akasoma sala yake getini kwa nje.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa wakamwita Elspet ajieleze. Akawaambia, "Nilimfulia, nikamlisha, nikambeba mgongoni mpaka kwenye mashua kila alfajiri ili asilowe miguu. Mlitaka mwishoni nimwachie nani?" Baba kila alipofika hapo alipiga goti lake kwa kiganja na macho yakamlenga machozi.

"Mwalimu," nikasema, "ile habari ya Elspet kwa nini hukuitia kwenye kitabu chako?"

"Ah, Bi Mina." Akaweka kikombe chini. "Ni simulizi nzuri mno. Lakini nilipekua kumbukumbu za kanisa za miaka ile yote. Hakuna neno. Mwanahistoria hawezi kuandika kitu kwa sababu tu familia moja inakisema."

"Kumbukumbu za kanisa ziliandikwa na nani?"

"Na mchungaji na wazee, kwa kawaida."

"Wale wale aliowaaibisha. Ulitegemea waandike nini?"

"Naelewa hisia zako."

"Huelewi. Umeandika kwamba hakuna mwanamke wa Portlennan aliyewahi kufika kaburini mpaka juzi juzi. Umeichapisha hiyo, umeiuza, na sasa ndugu yangu ananiambia ndiyo mila. Na kesho unakwenda kushika kamba ya baba yangu."

Akageuka kumtazama Innes, kama mgeni anayetafuta mwenye mbwa. Innes akasema ana simu ya kupiga, akatoka nje. Nikabaki na Mwalimu na shada lake, nikamkatia kipande cha keki, kwa sababu mama yangu alinifundisha kwamba hata mtu unayetaka kumzaba kibao haondoki na njaa. Ndivyo tulivyolelewa wanawake wa kijiji hiki, na nilijichukia kisu kikiwa mkononi.

Mwalimu alipoondoka akaja Nan Legge, jirani yetu, mama wa miaka themanini na mdomo wa miaka ishirini. Alikuja kunisaidia kupaka siagi mikate ya chai ya kesho, ile ya ukumbini baada ya maziko. Nikamweleza yote.

"Farquharson?" akasema. "Huyo maishani mwake kashika kamba gani zaidi ya ile ya mbwa wake?"

"Baba angekuwepo asingekubali, Mama Nan. Baba ndiye aliyeitunza ile habari ya Elspet."

Nan akaendelea kupaka siagi. "Basi kesho ingia uishike. Watakufanya nini? Watakuzika na wewe?"

"Wattie Geddes ndiye mzikaji, na ataita namba za kadi."

"Aite. Wattie nilimfunga nepi mimi."

Alinitia ndimu kweli kweli. Nililala nikiwa nimeshaamua kwamba kesho nitasimama kichwani, na wa kunitoa hapo anitoe kwa nguvu, mbele ya watu.

Ibada ilikuwa fupi. Mchungaji wa sasa ni kijana kutoka Glasgow, hana neno, alisema vizuri juu ya Baba ingawa hakumjua. Tukapanda kilimani nyuma ya gari la Wattie, upepo ukitoka baharini na kupitiliza kwenye makoti yetu. Siku hizi wanawake huingia makaburini, hilo nalisema wazi, hakuna anayetuzuia getini. Lakini wanasimama nyuma, karibu na ukuta, wanaume wakiwa wamezunguka kaburi. Nan alisimama ukutani pamoja na wengine. Mimi nilitangulia, nikapita katikati ya mabega ya makoti meusi, nikasimama mbele.

Jeneza liliwekwa juu ya mbao, kamba zikiwa zimetandazwa pande zote. Wattie akavua kofia. Anatuzika watu wa Portlennan kama baba yake alivyotuzika, ni mtu mpole, na sauti yake ni ya chini hata akiwa anaagiza bia.

"Namba moja," akasema.

Innes akapiga hatua. Na mimi nikapiga hatua. Tukafika kichwani pamoja.

"Dada," akaninong'oneza, "tafadhali. Siyo hapa."

"Wapi basi? Nimwamshe Baba tukayamalizie nyumbani?"

"Watu wanatutazama."

"Watazame. Mimi sina cha kuficha. Wewe ndiye uliyegawa kamba ya baba yako kwa mtu wa Edinburgh."

Mwalimu Farquharson, kadi yake mkononi, akakohoa. "Bi Mina, kwa heshima ya marehemu na mila za kijiji."

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Mila za kijiji umezikuta hapa, na zisizokupendeza umezifuta."

Kule ukutani nikasikia mtu akicheka, na sikuhitaji kugeuka kujua ni nani. Mchungaji akaangalia viatu vyake. Fraser alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilijisikia vizuri, niseme ukweli. Muda mrefu sana sikuwa nimejisikia vizuri namna ile.

Ndipo Wattie akazunguka kaburi, akaja mpaka karibu yangu, akainama kidogo ili tusikie mimi na Innes tu.

"Mina," akasema, "siyo Innes."

"Siyo Innes nini?"

"Kamba hakuzipanga Innes. Alizipanga Dod. Mwaka juzi, siku ile ulipokwenda kung'oa jino, alinipigia simu nije. Akanitajia mmoja mmoja. Hata Mwalimu, alisema ni kwa sababu aliitia picha yake kwenye kitabu."

"Alikuwa hajui anachosema. Alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa anajua." Wattie aliigeuzageuza kofia yake. "Nilimuuliza, na Mina je? Nikamuuliza tena. Nisamehe, nilimuuliza kweli."

"Akasema nini?"

Nilimkazia macho mpaka akasema.

"Alisema Mina atakuwa na kazi ya chai."

Nilimgeukia Innes. Alikuwa analia, mtu mzima na koti lake la bei mbaya, kamasi zinamtoka.

"Ulijua?"

"Wattie aliniambia juzi."

"Na ukanidanganya kwamba ni wewe."

"Ningekuambiaje? Nikaona afadhali unichukie mimi. Mimi umeshanizoea."

Hasira zote nilizokuwa nazo kwa Innes zikakosa pa kukaa. Zikazunguka, zikamtafuta mwenyewe, zikamkuta pale mbele yangu amelala ndani ya mbao ya mwaloni, amenyolewa vizuri, kwa sababu nilimnyoa mimi. Nikamwona akipiga goti lake na kulengwa na machozi kwa ajili ya Elspet. Alimpenda sana Elspet. Baba yangu alipenda mwanamke shujaa, mradi awe amekufa kabla yeye hajazaliwa. Aliye hai, anayemshika makwapani na kumwinua chooni, huyo alimwona ni wa kupaka siagi. Na hakuniambia. Alingoja niende kwa daktari wa meno, akapiga simu kwa mkono wake mmoja mzima, akanitoa, kisha niliporudi na shavu limevimba akaniuliza supu iko wapi. Nikampa supu. Nakumbuka alisema ina moto mno, nikaipuliza.

Nilitaka kuondoka. Nasema kweli, nilitaka kuteremka kile kilima niende ukumbini nikavunje vikombe vyote, nikae peke yangu na mikate yangu mpaka waje wanikute. Wangemzika bila mimi, kama alivyopenda. Upepo ulikuwa unapiga zile kamba kwenye jeneza.

Innes akainama, akaokota kamba ya kichwani, akaninyooshea.

"Ichukue," akasema. "Mimi nitashika ya miguuni."

"Yeye hakutaka."

"Najua."

"Aliulizwa mara mbili, Innes."

"Najua, Dada. Ichukue."

Nikamtazama Wattie. Wattie, ambaye hajawahi kubadili mpango wa marehemu hata mmoja, alivaa kofia yake, akarudi mahali pake, akatazama baharini. Fraser akampa baba yake nafasi. Nikavua glavu, nikaichukua ile kamba, nikaizungusha kwenye kiganja kama nilivyowaona wanaume wakifanya tangu nikiwa nachungulia juu ya ukuta.

Kisha nikasema naye. Sikunong'ona, na sijali nani alisikia.

"Baba," nikamwambia, "chai iko tayari tangu asubuhi. Sina kazi nyingine."

Wattie akaendelea kuita. Namba mbili. Namba tatu. Wote wakaja, hata binamu wa injini, hata Mwalimu, uso umempauka. Tukakaza kamba, wachimba kaburi wakavuta mbao, na uzito wote ukatujia mikononi kwa mara moja. Baba alikuwa amebaki mifupa, lakini mwaloni ni mwaloni. Mwalimu aliachia yake upesi mno, jeneza likaanza kuinama upande wake.

"Polepole, Mwalimu," nikasema. "Huyo ni baba yangu."

Akaikaza. Jeneza likakaa sawa, tukaanza kushusha. Kwa hasira nilizokuwa nazo ningeweza kuiachia ile kamba muda wowote, akaenda chini kwa kishindo, kijiji kizima kikasikia. Ilikuwa inanichubua viganja. Nikaipitisha mkono kwa mkono, taratibu, mpaka akafika chini bila kugonga.